Sauti Yako Yaja Nyuma

Kahaso Kalama hakuzaliwa na shida ya masikio, wala hakuugua. Alisaga. Tangu alipoolewa na marehemu Nyale akaletwa mtaa wa Shika Adabu, alisimama kando ya kisiagi cha mumewe akimimina mahindi ya watu kwa juu na kuupokea unga kwa chini, na mashine ile ikinguruma mchana kutwa ndani ya chumba cha mabati. Jioni akitoka, aliwaambia watoto wake kuwa masikioni mna nyuki. Kukicha nyuki huwa wameondoka. Kisha ukaja mwaka ambao hawakuondoka tena.

Nyale alipofariki, kisiagi kiliuzwa. Watoto wakubwa walikuwa wameshaoa na kuolewa, na Kahaso akabaki nyumbani na bintiye wa mwisho, Kafedha, mwalimu wa elektroniki katika chuo cha ufundi upande wa Changamwe. Kafedha alikuwa na sauti ndogo kwa maumbile. Darasani wanafunzi walizoea kunyamaza ili wamsikie, lakini nyumbani ilikuwa taabu. Akizungumza kama kawaida yake, mama hasikii. Akipaza sauti, mama humtazama kwa huzuni na kusema, "Mwanangu, mbona wanigombeza?"

"Sikugombezi, mama."

"Eeh?"

"SIKUGOMBEZI!"

"Haya, basi. Nimenyamaza."

Walikuwa na jirani, ukuta kwa ukuta, aitwaye Mwanarehema. Kahaso alikuwa mtu wa kanisani na Mwanarehema mtu wa sala tano, na hilo halikuwahi kuwazuia kuazimana vyungu, kuleleana watoto na kutetana kidogo wanapokosana. Mwanarehema alikuwa na mdogo wake, Faki, dereva kule Maskati kwa miaka mingi. Mwaka juzi Faki alituma habari kwamba anarudi nyumbani moja kwa moja. Mtaa mzima ulijua. Chumba chake kilipakwa chokaa, na Kahaso mwenyewe alishona foronya za mito.

Asubuhi moja Kahaso alikuwa mferejini akijaza ndoo, na pampu ya maji ya jirani ikivuma. Swabra, binti ya Mwanarehema, akatokeza kichwa juu ya ua, leso imemfunika nusu ya uso, akasema maneno mawili kisha akakimbilia nyumba nyingine.

Swabra alisema, "Faki amefariki."

Kahaso alisikia, "Faki amefika."

Aliiacha ndoo ikifurika. Akajifunga leso kiunoni, akazunguka ua, akaingia kwa Mwanarehema akipiga vigelegele kama vya harusi, mikono juu, machozi ya furaha yakimtoka. Alikuwa ameshafika katikati ya sebule alipowaona wanawake wameketi mikekani na vichwa vimeinama, na Mwanarehema ameegemea ukuta, macho yamemtoka. Vigelegele vikamkatikia mdomoni.

Kafedha, aliyemsikia kutoka nyumbani, alimkuta mama yake bado amesimama palepale, mikono haijashuka. Alimshika kiganja, akamtoa nje taratibu.

Siku zile za msiba Mwanarehema alimtuma Swabra aje aseme kwamba hana kinyongo, kwamba anajua ilivyokuwa. Kahaso aliitikia kwa kichwa. Lakini hakwenda kumhani rafiki yake, siku ile wala nyingine. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha hata kuketi barazani. Kafedha akimuuliza, alijibu jibu lilelile: "Nikae kwangu. Nisije siku nikachekea jeneza."

Mashine ya masikio alikuwa nayo. Alipewa hospitalini, na Kafedha alimbembeleza muda mrefu aivae. Siku moja Kahaso aliivua, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia chini ya godoro.

"Mama, kwani yakuumiza?"

"Haiumizi. Yaongeza kila kitu. Upepo, sufuria, pikipiki, na wewe ndani yake. Yanirudishia kisiagi."

Kafedha alilirudia neno hilo moyoni siku kadhaa, akipita barabara ya Dongo Kundu kwenda kazini na kurudi. Kwa hiyo shida ya mama haikuwa sauti kuwa ndogo. Shida ilikuwa kuitenga sauti ya mtu na mngurumo unaoizunguka.

Chuoni kulikuwa na bodi moja ya elektroniki iliyoletwa na wafadhili, imelala kabatini na plastiki yake. Chipu iliyokuwa juu yake haikuwa ya kawaida. Haina kazi yake maalumu; wewe ndiwe unayeandika programu, kisha kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya programu, haikuletei maagizo ya kompyuta bali mzunguko kamili wa umeme, nao ndio unaowekwa ndani ya chipu. Ukitaka kazi nyingine, unaandika upya na mzunguko wote unabadilika. Mkuu wa idara alimruhusu aitumie, maadamu akija kuielewa awafundishe wengine.

Alichokusudia Kafedha kilikuwa hiki: chipu isikilize mahali ilipo, ijifunze kelele ya pale ikoje, iiweke kumbukumbu kwenye jedwali, halafu kila kipande cha sauti kinachoingia kiondolewe ile kelele, ibaki sauti ya mtu tu. Kazi hiyo haiwezekani bila kushika sauti kidogo kabla ya kuiachilia. Mahali pa kuishikia mafundi hupaita bafa, nayo hukatwa kutoka kumbukumbu ya chipu, ambayo si kubwa.

Alipiga hesabu kwa mkono. Bafa zake zote pamoja na jedwali zingechukua sehemu ndogo tu ya kumbukumbu. Akaandika programu, akaipa kompaila. Kompaila ikafanya kazi hadi chai ya saa nne ikapoa, kisha ikakataa. Kumbukumbu haitoshi.

Akapiga hesabu tena. Akapunguza jedwali. Ikakataa. Akalipunguza tena hadi ikakubali, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya pipa.

Chumba cha pili alifundisha Mansur, kijana wa Mtongwe, mcheshi, mwalimu wa kompyuta. Naye alihangaika kwa niaba yake, akapekua mtandaoni, akarudi mbio.

"Nimepata dawa," alisema. "Kuna watu walipatwa na jambo hilihili. Ongeza neno hili moja kwenye programu. Laiambia kompaila itengeneze nakala moja tu."

"Nakala ya nini?"

"Wallahi sijui. Wameandika tu kwamba yafanya kazi."

Kafedha aliliongeza neno lile, akalirudisha jedwali kwa ukubwa wake wa kwanza. Kompaila ikakubali. Mansur alipiga makofi hadi wanafunzi wakachungulia dirishani.

Jumapili hiyo Kafedha alimketisha mama yake uani. Chombo chenyewe kilikuwa kama mche wa sabuni, waya unatoka, na visikizi viwili vya masikioni. Nyuma ya ua fundi wa vyuma alikuwa akikata mabomba. Kafedha aliwasha, akangoja kidogo chipu iisome kelele ya pale, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ndogo:

"Mama. Wanisikia?"

Kahaso alishtuka. Akamkodolea macho bintiye. Halafu akayafumba.

Kafedha alidhani ni furaha. Akaendelea kuzungumza, akimwambia habari za kaka yake, za bei ya samaki, za chochote. Mama aliitikia kila neno, akajibu sawasawa, lakini macho hakuyafumbua.

"Mama, mbona wafumba macho?"

"Nikikutazama napotea," Kahaso alisema. "Mdomo wako watangulia, sauti yako yaja nyuma. Nikifumba ndipo nasikia." "Ni ndogo, sauti yako. Ni ya mtoto. Miaka yote hii nilijua una hasira nami."

Kafedha aliinuka akasingizia chungu cha jikoni, akasimama mbele ya jiko lisilo na moto, akafuta uso kwa upindo wa leso. Aliporudi, mama alikuwa ameshavua visikizi, ameshika kipaji cha uso.

"Kichwa chanizunguka, mwanangu. Lakini chombo ni kizuri. Kiweke. Nitakuwa nikikivaa nikilala chali."

Hapo ndipo Kafedha alipojiona amefanya kazi nusu. Alikuwa ameongeza neno asilolijua, kwa sababu lilimwondolea usumbufu, na sasa alishuku kwamba neno lile ndilo lililokuwa likimfumba macho mama yake.

Kompaila ile ina mwenzake, chombo cha uchambuzi, ambacho baada ya kila kazi hutoa ripoti ndefu yenye michoro. Mpaka siku hiyo Kafedha alikuwa akiruka hadi mstari wa mwisho kuona imekubali au imekataa. Jumatatu, baada ya vipindi, aliondoa lile neno, akaacha kompaila ikatae kama ilivyokataa mwanzo, kisha akafungua ripoti kutoka juu na kuanza kuisoma kama mtu anayesoma barua ya mkwe, pole pole.

Siku ya kwanza haikumwambia kitu. Visanduku, mistari, majina aliyoyaandika mwenyewe yakichanganyika na ambayo hakuyaandika. Siku ya tatu aligundua kwamba akibofya jina la bafa yoyote, pembeni hujitokeza maelezo: ukubwa uliouomba, na ukubwa uliojengwa. Alikuwa hajawahi kufikiri kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kutofautiana.

Mansur aliingia na viazi vya karai kwenye gazeti, akamkuta ameinamia kioo cha kompyuta.

"Njoo uone," Kafedha alisema. "Jedwali la kelele. Huu ndio ukubwa nilioomba. Na huu ndio iliojenga. Mara nane!"

"Mara nane? Kwani ina wazimu?"

"Nami nilidhani hivyo. Hebu soma hapa chini."

Mansur alisoma, kiazi mkononi. "Nakala nane, ili vipande vya sauti vipate kushughulikiwa kwa pamoja." Akainua uso. "Kwa pamoja vipi?"

Kafedha aliyapanga maneno kwanza, na katika kuyapanga ndipo naye mambo yalipomkaa sawa.

"Mzunguko huu haungoji kipande kimoja kimalize ndipo kingine kiingie," alisema. "Kimoja kikiwa mwisho, kingine kipo katikati, kingine ndiyo kwanza chaingia. Vyote viko ndani wakati mmoja. Sasa, kama vyote vyaandika kwenye jedwali moja, hiki cha nyuma kitafuta cha mbele kabla hakijamaliza kusoma. Kwa hiyo kompaila yakipa kila kipande jedwali lake."

"Basi si wazimu. Ni uangalifu."

"Ni uangalifu, na tena yafanya nilivyoiambia. Tazama nilipolitaja jedwali. Ndani ya mzunguko wa kazi, yaani ile sehemu ya programu irudiwayo kwa kila kipande. Ukilitaja humo, maana yake ni kwamba kila kipande kina jedwali lake jipya. Kompaila itajuaje kwamba nilitaka moja la wote?"

"Na lile neno langu?"

"Lile neno liliilazimisha iwe na nakala moja. Ikatii. Lakini haiwezi kuacha vipande vifutane, ndiyo maana ikavipanga foleni. Kila kimoja chasubiri cha mbele kitoke kabisa. Nafasi tumepata, ila wakati tumepoteza."

Mansur aliweka kiazi chini. "Kumbe mimi ndiye niliyemchelewesha mama."

"Tulikuwa wawili, Mansur. Kula."

Kelele ya mahali haibadiliki kwa kila kipande cha sauti. Hubadilika pole pole, pampu ikizimwa, mvua ikianza. Kwa hiyo Kafedha alilitoa jedwali nje ya mzunguko wa kazi, likawa moja kwa wote, la kusomwa tu, na akaweka sehemu ndogo pembeni ya kulisahihisha mara moja moja. Bafa za sauti zenyewe aliziacha na nakala zao, maana zile kweli zilizihitaji.

Haikufaulu papo hapo. Mara ya kwanza ripoti ilionyesha mistari myekundu, ishara kwamba sehemu zinazolisoma jedwali ni nyingi kuliko milango ya kuingilia kumbukumbu, na baadhi yake bado zangoja zamu. Mara nyingine alibana kwa nakala moja bafa isiyotakiwa kubanwa na foleni ikarudi. Kila alipokosea alirudi kwenye ripoti, akabofya majina moja moja, akauliza: hii umeipa kiasi gani, na kwa nini? Masika yaliingia na kutoka. Siku aliyoona ukubwa ulioombwa na uliojengwa unalingana kwenye lile jedwali, wala hakuna mstari mwekundu, hakumwita mtu. Alizima kompyuta, akakitia chombo kwenye mkoba, akaenda zake nyumbani.

Alimkuta mama akichambua mchicha. Akamvisha visikizi, akawasha, akangoja.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kahaso alimtazama mdomo. Akaendelea kuutazama.

"Sema tena."

"Shikamoo."

"Marahaba," Kahaso alisema, na macho yake yalikuwa wazi kabisa. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Alikishonea chombo mfuko wa kitambaa cha leso, akauning'iniza shingoni. Wiki nzima alikaa nacho nyumbani kama mtu anayejizoeza viatu vipya. Kisha alasiri moja alioga, akavaa nguo ya heshima, akamwambia Kafedha, "Nisindikize kwa Mwanarehema."

Mwanarehema alikuwa barazani kwake akitwanga iliki. Alipowaona wakiingia, aliuachia mchi, akasimama.

"Karibu," alisema tu. "Karibu, Kahaso wangu."

Waliketi. Fundi wa vyuma alikuwa akikata kama kawaida yake, na Kafedha alikaa akiwa na wasiwasi, akimtazama mama yake usoni. Kahaso alikuwa ameushika ule mfuko wa shingoni kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuhani," alisema. "Nimechelewa."

"Hujachelewa."

"Niambie habari zake, Mwanarehema. Mwanzo hadi mwisho. Leo nasikia."

Mwanarehema akaeleza. Kwamba Faki alikuwa amenunua tikiti. Kwamba usiku wa kuamkia safari alibanwa kifua, akapelekwa hospitali na wenzake, asiione asubuhi. Kwamba jana yake alikuwa amepiga simu akaulizia chumba chake kimepakwa rangi gani, akacheka alipoambiwa chokaa. Alieleza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi na kila mara kwa watu wasiomjua Faki akiwa mtoto. Kahaso alimjua. Aliitikia mahali pa kuitikia, na mahali pa kulia alilia.

Halafu Mwanarehema akasema, "Nikwambie jambo sijamwambia mtu. Siku ile ulipoingia na vigelegele, wallahi, kwa pumzi moja hivi nilikuamini. Nilisema moyoni, huyu kamuona njiani. Faki kaja. Wale wengine wote waliniletea kifo, Kahaso. Wewe peke yako uliniletea Faki."

Kahaso alimsogelea, akakilaza kichwa cha rafiki yake begani kwake, na wakakaa hivyo. Kafedha aliinuka akauokota mchi, akaendelea kutwanga iliki, maana hakujua la kufanya na mikono yake.

Chombo kile si muujiza. Kanisani kwaya ikianza, huchanganyikiwa na kuzifuta sauti za wanawake, na Kahaso hukizima akaimba kwa kukumbuka. Betri huisha haraka. Kafedha bado anakirekebisha, na muhula huu anawafundisha wanafunzi wake kuisoma ile ripoti kutoka juu, kabla hawajaongeza neno lolote walilookota mahali. Mansur huja kuketi nyuma ya darasa.

Juzi, wakati wa kumenya mihogo, Kahaso alimuuliza bintiye, "Hivi ile sauti ilikuwa yachelewa kwa nini? Hujaniambia."

"Ni mambo marefu, mama."

"Kwani nina safari?"

Basi Kafedha alimweleza, kwa sauti yake ndogo, bila kuipaza. Alianza na chipu, akaja kwenye bafa, akaeleza nakala, foleni, jedwali lililotajwa mahali pasipo pake, ukubwa ulioombwa na uliojengwa. Alizungumza hadi mihogo ikaisha kumenywa. Kahaso alimsikiliza, kisu mkononi, hakumkatiza hata mara moja.

"Umeelewa, mama?"

"Sikuelewa hata kidogo," Kahaso alisema. Alikuwa akitabasamu hadi mashavu yamemkunjamana. "Lakini nimesikia kila neno. Hebu anza tena."